Mchukuzi wa Uwanja wa Said

Khatib amezikwa wiki iliyopita, na mimi nilitoka Unguja kwenda Pemba kuhudhuria maziko ya mtu ambaye niliwahi kumwombea afe, tena kwa sauti, mbele ya mama yake. Nilikaa ndani na wanawake, Madungu, katika ukumbi ule ule wa zamani, nikawasikiliza wakimsifu. Alikuwa ntu wa watu, huyu anasema. Hapiti njiani asikusalimu, anasema mwengine. Aliyekufa hasemwi kwa ubaya, ndiyo ada yetu, na mimi ada naiheshimu, kwa hiyo nilikunywa kahawa yangu nikafunga mdomo. Lakini mkono wa Khatib niliwahi kuuona ukifanya kazi. Said, mdogo wake, aliingia kutusalimu akitokea barazani kwa wanaume, na aliponipa mkono nilihisi vidole vyake viwili vya mwisho bado vimepinda, havinyooki mpaka leo. "Rahma, umezeeka," akaniambia. "Na weye umenenepa," nikamjibu, tukacheka kidogo, wazee wakatukata jicho, maana mahala pa msiba si pa meno nje. Kisha akainama akaniuliza polepole kama naukumbuka uwanja wetu. Nimerudi nyumbani na swali hilo, halinipi usingizi, ndiyo maana nauandika mwaka ule.

Nilikuwa na miaka ishirini. Msuka nilizaliwa, lakini kazi nilikuwa nafanya Konde, katika duka la picha, na kazi yangu ilikuwa kukata watu. Bwana harusi amepiga picha mbele ya ukuta uliobabuka, mimi namzunguka kwa kipanya cha kompyuta, nywele kwa nywele, namtoa pale, namweka mbele ya bustani au maporomoko ya maji, anakwenda zake amefurahi. Said alisikia habari zangu akaja kunitafuta. Alikuwa na kazi ambayo ilibidi anieleze mara mbili ndipo niielewe. Kule Ulaya, alisema, kuna watu wazima, wastaafu, madaktari, wana ndege ndani ya nyumba zao: kiti, usukani, na kompyuta inayoonyesha dunia nzima kutoka angani. Wanaruka jioni baada ya chakula, wanatua Nairobi au Muscat, wanazima, wanalala. Ila dunia ile huja na viwanja vikubwa tu vilivyotengenezwa vizuri. Viwanja vidogo ni mstari mweusi na majani. Hapo ndipo wanapotokea mafundi kama yeye, wanakijenga kiwanja chenyewe kilivyo, jengo kwa jengo, anayekipenda anakipachika katika dunia yake. Mzee mmoja wa huko kwenye baridi, rubani mstaafu, aliwahi kutua Chake ujanani mwake na alitaka kutua tena kabla hajafa. Said alikuwa amempa neno lake kwamba atamjengea.

Alinionyesha jinsi kisiwa chetu kilivyokuwa mle kabla hajakigusa. Kijani kitupu, na miti ya nchi za theluji imesimama pale pale ilipo mikarafuu. Hakuna jengo la abiria, hakuna uzio, hakuna mtu. "Wametufuta!" akapiga kelele, akaurushia ukuta ngumi mpaka chokaa ikamwagika juu ya godoro. Mimi nilidhani ni hasira ya siku moja. Sikujua kuwa nimeingia katika nyumba ambayo watu wake walizungumza kwa mikono.

Nilihamia kwao Madungu mpaka kazi iishe. Chumba cha kazi kilikuwa uani, zamani stoo ya karafuu, na harufu yake haikutoka hata tulipopiga deki kwa sabuni ya unga. Mlango ulikaa wazi kutwa. Mimi si mahram wa Said, na mama yake, Bi Mgeni, hakuwa mtu wa kuachia mambo yajiendee. Alileta mbuzi ya kukunia nazi akaiweka kizingitini, akaketi hapo kila alasiri akikuna nazi huku uso ametuelekezea sisi. "Ntoto wa kike na ntoto wa kiume wakikaa faragha, wa tatu wao shetani," alisema. "Basi mie ndo wa tatu, shetani akatafute pengine." Nazi nyingine hazikuwa na mchuzi wa kuzisubiri, alizikuna tu ili apate sababu ya kukaa. Tulikula nazi mwaka ule mpaka nikaichukia: muhogo wa nazi, ndizi za nazi, papa wa nazi, mseto wa chooko kwa nazi. Said naye akishindwa na kazi alirusha kitu. Alirusha kibodi, alirusha kigoda, siku moja alirusha kikombe kikapasuka ukutani karibu na sikio langu kwa sababu paa la jengo la abiria lilikataa kukaa sawa. Bi Mgeni aliinuka bila haraka, akamchapa upawa wa mgongo mara tatu, akarudi kukaa. "Ntoto wa watu huyu," akamwambia. "Ukitaka kurusha, rusha kichwa chako."

Kazi yenyewe niliipenda, hilo sitalificha. Kila jengo ni boksi tupu, na sisi tunalivisha picha zake halisi: ukuta wa kweli, kutu ya kweli, dirisha la kweli lenye pazia lililofungwa fundo. Picha Said alizipiga mwaka mmoja kabla, kwa ruhusa, na kamera ya kuazima. Miti niliikata mimi, mkarafuu baada ya mkarafuu, mpaka macho yakaniuma. Na watu niliwakata mimi. Mtu katika ulimwengu ule hana unene, ni kipande kama karatasi kilichosimamishwa. Ili asionekane wembamba wake, kompyuta humgeuza akuelekee wewe daima. Uende kushoto, anakugeukia. Uzunguke nyuma yake, hana nyuma, ni uso ule ule unakutazama. Siku ya kwanza iliniogofya, halafu nikazoea. Nilimkata mzimamoto, nikamkata mwanamke mwenye kikapu, kisha Said akanipa picha ya mchukuzi wa mizigo, kijana ameegemea mkokoteni, vifungo viwili vya shati viko wazi, anacheka na aliyeshika kamera. Alasiri nzima nikamzunguka. Sikio lake la kushoto lilikuwa limejitokeza kuliko la kulia, nikalifuata taratibu nisilikate. Sikuuliza ni nani, na Said, ambaye siku nyingine hakufunga mdomo, siku hiyo alikaa kimya nyuma yangu mpaka nilipomaliza.

Habari za Juma nilizisikia jikoni, kwa kusikiliza yasiyonihusu. Wanawake wawili wa jirani walikuwa wanachambua mchele na mimi nimejilaza nyuma ya mlango, kichwa kinaniuma. Kumbe Bi Mgeni alizaa watoto watatu wa kiume. Mkubwa ni Khatib, mchinjaji wa Konde, niliyekuwa namwona kila Ijumaa akituletea maini yamefungwa gazetini. Mdogo ni Said. Wa kati ni Juma, naye alikuwa amefariki mwaka haujatimia. Khatib alimtaka afanye naye kazi bucha, Juma akaondoka kwenda kuchukua mizigo ya watu uwanja wa ndege, akasema afadhali masanduku kuliko damu. Khatib akaona ametukanwa. Siku Juma alipopita Konde, Khatib alitoka bucha na aproni yake, akamvua shati mbele ya wateja, akampiga mkanda wa ngozi, upande wa chuma, mpaka watu wazima wakamwombea. Juma aliondoka pale mdomo unavuja, akapanda pikipiki ya rafiki yake, na katika kona ya njia ya Wete akaingia chini ya gari ya abiria. Siku ya hitma Khatib alizikusanya picha zake zote nyumbani humu akazitia moto uani, akasema malaika haingii penye picha. "Ya harusi yake mwenyewe iko ukutani hadi leo," akasema mmoja wa wale wanawake. "Malaika wa kwake kazowea," akajibu mwenziwe, wakacheka kwa pua.

Nilimwona Khatib kwa jicho jengine tangu hapo. Alikuwa na mikono minene, safi, kucha zimekatwa, na alikula akiinamia sahani asimtazame mtu. Ijumaa moja Said alimkatiza maneno, akapigwa kofi la mgongo wa mkono, tonge likaruka likaanguka mchuzini. Bi Mgeni aliokota tonge, akaliweka pembeni, akaendelea kula. Mimi nilipandwa na ghadhabu, na nilishangaa hasira yote ile imetoka wapi kwa mtu ambaye hata si wa kwao.

Said alimweka Juma karibu na mlango wa mizigo bila kutuambia. Alasiri moja alikuwa anaijaribu kazi, ndege imetua, inaingia taratibu mahala pa kusimama, na Bi Mgeni yuko kizingitini na nazi yake. Ndege ikapinda. Mchukuzi akageuka nayo. Nilisikia nazi ikianguka sakafuni. Bi Mgeni aliingia, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, kisha akageuka akampiga Said kofi lililomtoa kitini. Akampiga la pili. Akamshika kola akamtikisa, na Said, mtu mwenye hasira zake, hakuinua hata kiwiko. "Umenfanya nini ntoto wangu? Umenfanya nini?" alikuwa akisema, na sikujua mtoto yupi. Mimi nilisimama kona ya chumba, ndipo nikaelewa nilimzunguka nani alasiri ile. Alipochoka kupiga alikaa juu ya kiti cha Said, akafuta uso kwa kanga, akavuta pumzi. "Nrejeshe tena," akasema. "Anzia kule mbali."

Ikawa ndiyo desturi. Nazi ilikunwa mapema, na baada ya sala ya alasiri Bi Mgeni alikaa mbele ya kompyuta na kahawa yake. Said alimzungusha uwanjani, huku na huku, na Juma alimfuata mama yake kwa uso kila alikokwenda. "Huyu hanipi mgongo," alisema siku moja, anatabasamu. "Alipokuwa hai nikinkemea tu, mgongo huo." Alimwuliza kama amekula. Alimwambia shati afunge, upepo. Najua wako watakaosema haifai, na wengine watasema kichwa chake kiliharibika, lakini mimi nilikuwepo. Bi Mgeni alijua vizuri kwamba ile ni picha. Nilimkatia mwenyewe na alinisifu kwa lile sikio. Alichokosa ni mahala pa kumtazamia mwanawe, maana picha za ukutani zilikuwa majivu. Mchana alikuwa amerudi kuimba jikoni, wimbo wa harusi, sauti mbovu, na nyumba nzima ilikuwa imepata nafuu.

Khatib alikuja Ijumaa, kabla ya wakati wake, na maini mkononi. Alipita uani akamsikia mama yake akitaja jina lile na kucheka. Alisimama nyuma yetu, na sote hatukumjua mpaka kivuli kilipoangukia mezani. Juma alikuwa amejaa kioo kizima, anamtazama. Khatib alikamata kigoda akakipiga kioo cha kompyuta, mara moja, mara ya pili, vigae vikaniingia kwenye nywele. Said alimrukia shingoni. Walianguka mlangoni, wakagongana na mbuzi ya nazi, nikaona meno ya chuma ya ile mbuzi yamempasua Khatib juu ya nyusi, damu ikamtiririka machoni, na yeye anapiga bila kuona, ngumi inatua popote. Said alitambaa ashike fremu ya mlango ainuke. Khatib aliuvuta mlango kwa nguvu zake zote. Mlio wa vidole vile nimeusikia tena wiki iliyopita, Said aliponipa mkono. Nilipiga kelele, "Mungu akuue, Khatib! Akuue leo!" na Bi Mgeni alikuwa amesimama pale pale, anasikia.

Said alikuwa amekaa chini, mkono ameubana kwapani, mdomo umejaa damu, na alianza kucheka. "Hayumo humo," alimwambia kaka yake, akionyesha kwa kidevu kioo kilichovunjika. "Wapiga kioo bure, mpumbavu weye. Hayumo humo!" Khatib alifuta damu machoni. Halafu akafanya jambo ambalo bado naliona: akainama, akachungulia nyuma ya kile kioo, mahala penye waya. Alitazama pale muda mrefu, kisha akaondoka na maini yake.

Fundi wa mifupa aliviweka vidole vile na vijiti na mafuta ya nazi, lakini havikukaa. Said aliazima kioo chengine kwa rafiki yake na tukaendelea, mimi nikishika kipanya, yeye akiniambia la kufanya. Bi Mgeni alirudi kitini. Sikuwa na raha. Siku moja nikifagia nilikuta panga chini ya godoro la Said, limenolewa, na nilipomtazama alinitazama vile vile. Alikuwa hana tena kelele zake za kila siku. Hakurusha kitu, hakutukana miti ya theluji. Ningependa zaidi arushe.

Safari ya pili Khatib alikuja kweupe, jua bado kali, na shoka lake la kukatia mifupa. Alipita njia nzima ya Madungu nalo wazi mkononi na watu wakafunga milango. "Nitolee huyo," alisema akiwa uani. "Nshakataza. Nitolee ama niingie." Said alitoka, panga liko mkono wa kushoto, maana wa kulia haukuweza kushika. Walisimama nafasi ya mkeka mmoja kati yao. Hawakutukanana, na hapo ndipo nilipojua kuwa watauana. Watu wanaotukanana bado wana la kufanya. Khatib aliinua. Said aliinua.

Bi Mgeni aliingia katikati na kanga moja, kichwa wazi, ametoka jikoni. Hakulia wala hakuwashika. Aliwapa mgongo wote wawili, akanitazama mimi niliyekuwa mlangoni. "Rahma," akasema, "nfute."

"Mama!" Said alipiga kelele.

"Nfute kote alimo. Picha yake na mfano wake. Nina ntoto mmoja kaburini, na hawa wawili wataka kumfuata leo hii. Yule mie siwezi kunnusuru tena, hawa naweza." Akaingia chumbani, akakaa, akasema nimwonyeshe pa kubonyeza. Nilimwonyesha. Kamera ilisharudi kwa mwenyewe na imefutwa zamani, hakukuwa na nakala nyengine. Alimtazama Juma kwanza, akamwambia maneno ambayo siyaandiki, akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe. Kisha akauliza, "Ameshatoka?" Nikamwambia ametoka. Nje nilisikia shoka limeanguka juu ya sakafu ya saruji. Yule mzee wa nchi ya baridi alipelekewa uwanja wake baada ya wiki chache, akafurahi kupita kiasi, akauliza tu kwa nini mkokoteni wa mizigo umesimama peke yake.

Nilibaki mpaka karibu na Ramadhani. Siku niliyokuwa nafunga vitu vyangu Khatib alikuja, si Ijumaa, akasimama nje ya mlango wa uani na hakuingia, maana nilikuwa peke yangu chumbani. Mama yake yuko jikoni, anakaanga yale maini aliyoyaleta. Kovu juu ya nyusi lilikuwa bado jekundu. "Rahma," akasema, "kile kitu chenu. Hakijabaki hata kidogo?"

"Hakijabaki, Kaka Khatib."

"Weye ndo uliyenkata. Nkono wako waujua ubavu wake." Alikuwa anatazama chini. "Nchore. Nina neno nae."

Ningeweza kukataa, na nilitaka sana kukataa. Lakini nilikaa, nikawasha mashine. Nilianza na sikio la kushoto, nikashuka shingoni, begani, kwenye mkono ulioegemea, na mkono wangu kweli ulikuwa unajua njia. Nilipofika mwisho nilikuwa na umbo la mtu, jeusi, limekamilika pembezoni na ndani hamna kitu. Nililisimamisha pale kwenye mkokoteni. Khatib alisogea kizingitini. Lile umbo likamgeukia. "Mbona hana uso?" akauliza.

"Uso wake kaufuta mamako," nikamwambia, "ili wewe usiwe muuaji mara mbili."

Sikuwa nimepanga kulisema, na sikujuta, na sijuti. Alianza kujipiga. Alijipiga makofi usoni, mkono wa kulia na wa kushoto, kwa nguvu ile ile aliyowapigia wengine, kovu likafunguka, damu ikamwagika juu ya kanzu yake, na kila kofi alilitaja jina la Juma na neno radhi. Umbo lilikuwa linamtazama. Bi Mgeni alitoka jikoni na upawa, akautupa, akamkamata vifundo vya mikono kwa mikono yake miwili. Mwanamke mdogo vile, na yule mtu akatulia.

"Mama," Khatib alisema, "nisamehe weye kwa niaba yake."

"Yangu nshakusamehe," alisema Bi Mgeni. "Ya Juma si yangu kuitoa. Siku utakayofika kwake, utamuomba mwenyewe." Akamwachia mikono, akaniambia nizime ile mashine nije nimsaidie kupakua, maini yalikuwa yanaungua.